Fungato Haiumizi Kuni: Kufunga Mzigo, Toka Mtepe wa Wabajuni hadi Baiskeli Juu ya Gari

Wahenga walisema: Fungato haiumizi kuni. Mwalimu wa sarufi huenda akataka kusahihisha, aseme "haliumizi". Lakini methali imezoea kusemwa hivyo, nasi tuiache ilivyo. Maana yake ya juu yaeleweka na kila mtu aliyewahi kwenda kuchanja kuni. Kamba iliyozungushwa kwenye tita hukazwa mpaka mwisho, na kuni hazilalamiki, bali hufika nyumbani zote pamoja. Maana yake ya ndani ni kwamba nidhamu na umoja havimdhuru mtu. Kwa miaka kadhaa niliifundisha methali hii darasani kwa maana hizi mbili, na wanafunzi wakaridhika. Mimi mwenyewe sikuridhika, kwani nilikwisha kuona kwa macho yangu kamba ikiumiza.

Katika makala haya nakusudia kueleza, kwa ufupi, historia ya kufunga mzigo katika pwani yetu ya kaskazini, hasa miongoni mwa Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia, na kuonyesha kwamba elimu iliyojenga mtepe ndiyo ile ile anayoihitaji leo mtu anayetaka kufunga baiskeli juu ya gari. Nitamalizia kwa kusema neno juu ya kazi yetu walimu wa lugha, maana elimu hii imehifadhiwa katika maneno, na maneno hayo yanapotea.

Kisa cha mafundo saba

Ilikuwa mwaka 2005. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha katika shule moja kaskazini ya Mombasa, nami nilikuwa nimenunua baiskeli ya zile ziitwazo baiskeli za milimani, yenye matairi mapana, gia nyingi, na uma wa mbele wenye springi. Haikuwa mpya, lakini ilinigharimu zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja. Rafiki yangu alikubali kunichukua kwa pikapu yake iliyokuwa na keria ya vyuma juu ya paa. Nikailaza baiskeli ubavu juu ya keria hiyo, nikapitisha kamba ya nailoni katikati ya spoki za gurudumu la nyuma, nikaizungusha mara mbili kwenye usukani, kisha nikapiga mafundo saba. Nayakumbuka kwa sababu niliyahesabu kwa fahari.

Hatukufika mbali. Kwenye tuta la kwanza tulisikia kishindo, na kwenye tuta la pili baiskeli ikateleza ubavuni mwa gari, ikawa inaning'inia kwa gurudumu lake la nyuma. Tuliposimama na kuteremka, spoki nane zilikuwa zimepinda au kukatika, na waya wa breki ulikuwa umechomoka. Mafundo yangu saba yalikuwa salama. Hata moja halikufunguka.

Kando ya barabara, chini ya mwembe, palikuwa na mzee aliyekuwa akishona wavu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akaacha wavu wake, akaja kutazama. Alilitazama gari kwanza, halafu kamba, na baiskeli akaitazama mwisho. Akasema, "Hapa umefunga kamba, mwanangu. Baiskeli hukuifunga."

Mzee huyo alikuwa Mbajuni wa Fuma. Alikuwa ametoka kwao kwa mashua mwaka 1991, yeye na watu wa nyumbani mwake, na tangu hapo alikuwa akiishi kwenye pwani ya Kenya kwa uvuvi na kushona nyavu. Alizifungua kamba zangu zote. Akaipindua baiskeli, ikasimama juu ya keria kwa usukani na kiti, magurudumu yakiwa juu. Alitandika vipande vya gunia pale ambapo chuma kingegusana na chuma. Akakifunga kiti kwenye vyuma vya keria, akaufunga usukani karibu na shingo yake, kulia na kushoto, kisha akatoa kamba mbili kutoka kwenye fremu, moja ikivuta mbele na nyingine ikivuta nyuma. Mwisho akalifunga gurudumu la mbele kwenye fremu kwa ukanda wa mpira ili lisizunguke wala kugeuka. Alipomaliza aliishika baiskeli kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu, na gari zima likatikisika. "Ukiitikisa baiskeli ikatikisika peke yake," alisema, "basi bado hujafunga." Akatuagiza tusimame baada ya mwendo mfupi tukaze tena, kwa kuwa kamba mpya hulegea ikishavutwa.

Tulifika salama. Lakini swali lilinibakia: mtu aliyezaliwa kwenye kisiwa kisichokuwa na barabara ya gari alijifunza wapi kufunga baiskeli juu ya gari?

Fuma na watu wake

Fuma ni kimoja kati ya visiwa vya Bajuni, vinavyofuatana mbele ya pwani kutoka Kismayu kuteremka kusini hadi karibu na Ras Kiamboni, kwenye mpaka wa Kenya. Vingine ni Koyama, Chovai, Chula na Ngumi, pamoja na visiwa vidogo vingi. Ni visiwa vya mawe ya matumbawe, vyembamba na vya chini, vyenye magofu ya nyumba za mawe, misikiti na makaburi ya kale. Wenyeji wake ni Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, na lugha yao ni Kibajuni, lahaja ya Kiswahili cha kaskazini, ambamo "juu" husemwa "iyu". Wengi wao waliishi kwa bahari: uvuvi, ujenzi wa vyombo, na usafirishaji wa shehena.

Sehemu hii imepita katika mikono mingi. Iliwahi kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ikawa chini ya Waingereza, kisha mwaka 1925 Jubaland, pamoja na Kismayu, ikakabidhiwa kwa Waitalia. Mwaka 1960 ikawa sehemu ya Jamhuri ya Somalia. Wataalamu kadhaa waliwaandika Wabajuni. J. A. G. Elliott alichapisha habari za ziara yake visiwani mnamo 1925 na 1926. Mtaliano Vinigi Grottanelli alitoa mwaka 1955 kitabu kikubwa juu ya wavuvi hawa wa Bahari ya Hindi, na mwaka 1969 Neville Chittick akachapisha uchunguzi wake wa mambo ya kale ya pwani hiyo. Mwanaisimu Derek Nurse naye amekusanya msamiati wa Kibajuni. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walishambuliwa na kunyang'anywa mali na vyombo vyao, wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa kwa bahari. Yule mzee alikuwa mmoja wao.

Chombo kilichoshonwa

Jibu la swali langu linaanzia kwenye mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha bahari kilichojengwa visiwani kwa Wabajuni na katika sehemu za Lamu. Mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za nazi. Fundi alitoboa matundu pembezoni mwa mbao, akapitisha kamba kutoka ubao hadi ubao, akaivuta mpaka mbao zikabana, kisha akapigilia vijiti katika matundu ili kamba isilegee. Tanga lake lilikuwa la mraba, nalo lilisukwa kwa majani kama mkeka. Wazee hueleza kwamba omo yake ndefu iliigiza shingo ya ngamia wa Mtume.

Ushonaji huu wa vyombo ni wa kale sana. Mfanyabiashara wa Kigiriki kutoka Misri, aliyeandika mwongozo wa safari za bahari hii katika karne ya kwanza baada ya Kristo, anataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na anasema jina hilo limetokana na mashua zilizoshonwa. Naam, jina la kwanza la mji wa pwani yetu ya kusini kuandikwa kitabuni latokana na kamba na tundu! Vasco da Gama na watu wake, walipofika Msumbiji mwaka 1498, nao walistaajabia vyombo visivyokuwa na misumari.

Aliyeeleza sababu yake ni Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Anasema kwamba bahari hii ina miamba mingi. Chombo kilichopigiliwa misumari ya chuma kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa kwa kamba hunepa, kisivunjike. Maneno haya yafaa kuzingatiwa sana. Tumezoea kudhani kwamba kufunga vizuri ni kukaza mpaka kitu kisiweze kujongea hata kidogo, kama msumari uliokwama katika ubao. Mafundi wa mtepe hawakufikiri hivyo. Walitaka mbao zishikane zisiachane, na hapo hapo ziweze kunepa kidogo wimbi likizipiga. Msumari haujui kunepa, kwa hiyo nguvu yote ya wimbi huishia kwenye tundu lake, na tundu hupanuka mpaka ubao ukapasuka. Kamba huigawa nguvu hiyo katika mishono yote.

Tusiusifu mtepe kupita kiasi. Ulivuja sana, na mabaharia walilazimika kukumba maji mchana na usiku. Mishono yake ilioza, ikabidi ishonwe upya mara kwa mara. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa imetoweka karibu yote, ikaachia nafasi majahazi na mashua za misumari. Hata hivyo ujuzi wa kamba haukutoweka pamoja nao, kwa sababu kila chombo cha tanga kinaishi kwa kamba. Foromali hupandishwa kwa henza, tanga hushikwa kwa demani, nanga huning'inia kwa amari, na mrengu wa ngalawa hufungwa kwa kamba hata leo.

Kamba na chazo

Kamba yenyewe ilikuwa kazi ya miezi. Makumbi ya nazi yalifukiwa katika mchanga wa pwani unaofikiwa na maji ya bahari, yakaachwa mpaka nyama yake ikaoza. Yakafukuliwa, yakapigwa kwa mti, usumba ukatoka. Usumba ukaanikwa, kisha ukasokotwa. Kazi hii bado hufanywa na akina mama katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja. Kamba ya usumba ina sifa tatu: haiharibiwi upesi na maji ya chumvi, huvutika kidogo kisha hurudi, na ina manyoya yanayofanya fundo likamatike. Sifa ya tatu ndiyo iliyokosekana katika kamba yangu laini ya nailoni.

Wabajuni walikuwa na matumizi mengine ya kamba, ambayo nayaona ndiyo mtihani mkubwa wa fundi wa kufunga. Waliwinda kasa kwa kutumia chazo, yule samaki mwenye kitu kama kibandiko kichwani, ambaye hujiganda kwenye miili ya papa na kasa. Mvuvi alimfunga chazo uzi mkiani, akamwachia majini kasa alipoonekana. Chazo alikwenda akajiganda kwenye gamba la kasa, na mvuvi akavuta taratibu mpaka kasa akafika karibu na chombo.

Fikirini, ndugu walimu, uzi huo ulivyofungwa. Ukilegea, samaki amekwenda. Ukikazwa mno, mkia unakatika, samaki anakufa, na mvuvi amepoteza mwindaji wake. Ni lazima fungo lishike bila kujeruhi. Basi hapo ndipo methali yetu inapopata maana yake kamili: kuni haziumii kwa sababu ni kuni. Chazo huumia, na mfungaji asiyejua tofauti ya kuni na chazo atamuua samaki wake huku akiisifu kamba yake, kama nilivyoyasifu mimi mafundo yangu saba.

Baiskeli yaingia

Baiskeli ya umbo tulijualo, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitolewa na John Kemp Starley mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi la kujazwa upepo. Kabla ya karne ya 19 kwisha baiskeli zilikwisha kuonekana Afrika Mashariki. Wakati wa ukoloni karani, mwalimu na mhubiri walizitamani kuliko kitu chochote. Mwaka 1933 H. W. Tilman, mlowezi Mwingereza wa Kenya, alivuka bara la Afrika kwa baiskeli kutoka Uganda hadi pwani ya Kameruni, mizigo yake ikiwa imefungwa juu yake.

Kwetu baiskeli haikuwa chombo cha kupanda mtu mmoja tu. Keria yake ilipakia magunia ya mkaa, makreti ya soda, mikungu ya ndizi, mbuzi, na wagonjwa. Katika mpaka wa Busia ilipakia abiria kutoka upande mmoja hadi upande wa pili, likazaliwa neno "bodaboda". Mzigo wote huo ulihitaji kamba. Zilikuwako za katani, zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, wakati miche 62 tu ilipofika hai. Baadaye zikaja za nailoni, kitu kilichobuniwa katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani mwaka 1935. Lakini mfungo uliopendwa kuliko yote haukutoka kiwandani. Ulitoka katika baiskeli yenyewe: tyubu iliyochakaa ikakatwa kwa urefu, ikawa ukanda wa mpira.

Ukanda huo upo kila mahali Afrika Mashariki, na watu wachache huutafakari. Huvutika ukauma mzigo. Barabara ikitikisa, huachia kidogo kisha ukarudi kukaza. Umejaa ile tabia ya usumba aliyoieleza Ibn Battuta, ya kushika na kunepa pamoja. Yule mzee wa Fuma alipochukua ukanda wa mpira kufungia gurudumu, hakuwa akibahatisha. Aliutambua.

Baiskeli za milimani ni za jana tu. Zilianza katika miaka ya 1970 kwenye vilima vya Marin, California, ambako vijana waliteremka njia za mawe kwa baiskeli nzee za matairi mapana. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu ya makusudi kwa kazi hiyo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza baiskeli ya milimani iliyotengenezwa kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Richard na Nicholas Crane, walizipandisha baiskeli za aina hii mpaka kilele cha Kilimanjaro. Palipowashinda kuendesha walizibeba. Tangu hapo zimeenea mijini na vijijini, na pamoja nazo umekuja mtindo wa kuzichukua juu ya magari.

Kufunga baiskeli juu ya gari

Sasa tulinganishe. Gari liendalo kasi nalo lina bahari yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo juu ya mzigo huongezeka mara nne. Dereva akikanyaga breki, mzigo hutaka kuendelea mbele. Akikata kona, hutaka kwenda nje. Akipita tuta, huruka juu. Mzigo uliofungwa kwa upande mmoja tu umefungwa robo. Kwa hiyo kanuni alizotuonyesha mzee ni zile zile za chomboni, nami naziandika hapa kwa faida ya wasomaji.

Kwanza, chunguza kibebeo kabla ya kuchunguza kamba. Ikiwa keria yenyewe inacheza juu ya paa, au kibebeo cha nyuma kimelegea kwenye mlango wa gari, utakuwa umeifunga baiskeli kwenye kitu kinachoanguka. Nahodha hutazama chombo ndipo apakie shehena.

Pili, ondoa kila kitu kinachoweza kuchomoka: pampu, taa, chupa ya maji na mfuko wa vifaa. Chomboni kitu kilicholegea hupigapiga mpaka kikalegeza na vingine.

Tatu, funga kwenye mifupa. Mifupa ya baiskeli ni fremu, shingo ya usukani na nguzo ya kiti. Usifunge kwenye spoki, wala waya za breki, wala mnyororo, wala gia ya nyuma. Kama kibebeo kina mfereji wa kuwekea magurudumu, mkanda wake hupita kwenye rimu na tairi ili kulituliza gurudumu, lakini uzito wote usiachiwe mkanda huo. Baiskeli ambazo fremu yake ni ya nyuzi za kaboni zina hatari zaidi, kwani fremu hiyo ni imara kwa kuendeshwa lakini hupasuka ikibanwa kwa nguvu mahali pamoja. Hiyo ni chazo, si kuni.

Nne, vuta pande zinazopingana. Kamba ya mbele iwe na mwenzake wa nyuma, na ya kulia iwe na mwenzake wa kushoto.

Tano, weka kitambaa, gunia au kipande cha mpira palipogusana. Msuguano wa saa tatu barabarani hula rangi, kisha hula chuma, na mwishowe hula kamba yenyewe. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba kamba hukatikia pembamba, na pembamba hutengenezwa na msuguano.

Sita, funga ncha za kamba zisipeperuke, na uangalie kwamba baiskeli iliyofungwa nyuma haifichi taa wala namba ya gari.

Saba, tikisa. Baiskeli na gari vitikisike pamoja. Halafu baada ya kilomita chache simama, tikisa tena, na kaza tena.

Siku hizi mikanda yenye kidude cha kukazia imerahisisha kazi, na vibebeo vya kiwandani vina mikono ya kuishika fremu. Lakini mikanda haina akili. Kidude hicho hukaza bila kuchoka, nacho chaweza kuiponda fremu kabla mwenye gari hajatambua.

Neno kwa walimu

Kiswahili kimeliheshimu sana tendo hili. Kutoka katika mzizi mmoja wa -funga tumepata fungua, fungasha, fungamana, fungo, fungu, kifungo, ufunguo, na fungato yenyewe. Mtu akiondoka nyumbani twasema amefunga safari. Mwanamume na mwanamke wakiwa mume na mke twasema wamefunga ndoa. Neno "kufungamana" ndilo lifaalo kuliko yote kwa somo letu, kwa kuwa halina maana ya kukaza tu. Ni kushikana kwa pande mbili, kama zilivyoshikana mbao za mtepe.

Lakini nilipowauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, ambao shule yao haiko mbali na bahari, maana ya henza, demani, amari, farumi na usumba, aliyejua mawili kati ya matano alikuwa mmoja tu, naye ni mtoto wa mvuvi. Sikuwalaumu. Vitabu vyetu vinayataja maneno haya, pindi yanapotajwa, katika orodha ya msamiati mgumu, bila kamba yoyote mkononi.

Kwa Wabajuni hasara ni kubwa zaidi. Wametawanyika Kenya, Uarabuni na Ulaya. Nchini Uingereza, tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, waombaji wa hifadhi waliosema kwamba ni Wabajuni wamehojiwa juu ya visiwa vyao na lugha yao, na mahakama zimelazimika kuamua kama maneno ya mtu ni ya mtu aliyetoka visiwani kweli. Mtoto aliyekulia Mombasa kambini, asiyewahi kushika demani wala kumwona chazo, atajibu nini? Maneno ambayo babu yake aliyatumia bila kufikiri yamekuwa ushahidi wa kwao, naye hakupewa.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo. Mwalimu mwenye wanafunzi wa pwani awaite wazee wa vyombo darasani mara moja kwa muhula. Asiye na pwani achukue kamba, ukanda wa mpira na baiskeli moja, awape wanafunzi waifunge juu ya dawati, kila hatua ikitamkwa na kuandikwa kwa Kiswahili: kukunja, kupitisha, kuzungusha, kuvuta, kukaza, kulegeza, kufundika, kufundua. Wataona kwamba kila tendo lina jina lake, na kwamba mtu asiyekuwa na jina la tendo hulikosea kwa urahisi.

Mimi yule mzee alinifanya nirudie. Kabla hatujaondoka alizifungua kamba mbili za fremu, akaniambia, "Haya, mwalimu, funga wewe." Nilifunga, akatikisa, akafungua. Nikafunga tena, akafungua tena. Mara ya tatu alitikisa, gari likatikisika, akarudi chini ya mwembe kwenye wavu wake bila kusema neno.